Pweza wa Kikroatia wa Annandale

Wenzangu wa jikoni, mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani. Sikuielewa zawadi hiyo, maana mtu aliyestaafu ndiye pekee asiyehitaji saa, lakini nimeitundika. Mlinipa na ombi pia: niandike jinsi nilivyoingia katika kazi hii, ili walio wachanga wapate cha kushika. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vyangu vilibandikwa mlangoni mkavisoma, na mishahara yangu marehemu mume wangu aliijua vizuri kuliko mimi. Nitawaeleza jiko langu la kwanza hapa Marekani, kwa sababu mengi mliyonilalamikia hospitalini hapa Gaithersburg niliyatoa huko.

Ilikuwa miaka ya tisini inakaribia kwisha. Tulikaa Oxon Hill, mume wangu akiwa dereva wa ubalozi, nami nikipika pilau kwenye harusi na misiba ya Watanzania. Mtu akisifiwa kwa pilau miaka kadhaa huanza kuamini kwamba anajua kupika. Katika harusi mojawapo ndipo nilipojuana na Nyambura, msichana wa Nyeri aliyekuwa akisoma uuguzi katika chuo cha Annandale. Alikuja jikoni kuuliza kama kuna pilau isiyo na viungo. Nilimwonea huruma, tukawa marafiki.

Siku moja akanipigia simu. "Mama Rukia, kuna job. Hapa ninapowaita. Cook wao ameacha."

"Unapowaita akina nani?"

"Ninawaita tu, yaani kazi ya u-waiter. Ni wazungu, lakini si wale umezoea. Hawa wanakula ugali."

"Ugali gani?"

"Wa yellow. Wanauita palenta. Na kuna sukuma wiki yao, wanachanganya na viazi. Samaki pia wako wengi, lakini hiyo ni mambo yenu ya coast, mimi hata siangalii."

Ndivyo nilivyofika katika mkahawa wa Wakroatia, uliobanwa kati ya mahali pa mashine za kufulia nguo na shule ya karate. Mwenyewe aliitwa Stipe, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa fundi mitambo wa meli kabla hajachoka na bahari. Jina lake linasomwa kama Kiswahili kinavyosomwa, herufi kwa herufi, na nadhani mimi na Nyambura tulikuwa watu wa kwanza Virginia kulitamka sawasawa. Wamarekani walimwita Staipu, naye aliitika kwa uvumilivu wa mtu anayeitwa jina la mwingine.

Kabla yake pale palikuwa pa pizza, na vitambaa vya meza vya mirabaraba myekundu na myeupe alivirithi pamoja na viti. Sasa, bendera ya Kroatia nayo ina mirabaraba hiyohiyo katikati. Mkroatia akiingia aliona vitambaa akashika kifua, akijua amefika nyumbani. Mmarekani akiingia aliona vitambaa akaomba pizza. Kwa kila Mkroatia mmoja walikuwa wanakuja Wamarekani wengi sana, kwa hiyo neno nililolisikia zaidi katika mkahawa ule wa vyakula vya asili vya Kroatia lilikuwa pizza.

"Hakuna pizza," Stipe aliwaambia.

"Mnapeleka majumbani?"

"Hapana. Kwa sababu hakuna pizza."

Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nilisomea wapi wala nilifanya kazi wapi. Alikwenda nyuma akarudi na beseni, akaliweka mbele yangu. Ndani alikuwamo pweza mkubwa, anaelea katika maji yake.

"Unamjua huyu?"

Nilimwambia namjua tangu sijajua kusoma. Mimi ni mtu wa Pangani. Nikamchukua pweza, nikatoka naye mlango wa nyuma, kwenye uwanja wa kuegeshea magari, nikatafuta ukingo wa saruji ulio safi, nikaumwagia maji, nikaanza kumpiga. Kwetu pweza hupigwa mwambani mpaka alainike, na mwamba wa Annandale ulikuwa ni huo. Nilipoinua macho niliona dirisha la shule ya karate limejaa watoto waliovaa nguo nyeupe. Mwalimu wao akatoka, akasimama kando, akatazama mkono wangu unavyopanda na kushuka. Mwishowe akaniuliza nimejifunza kwa nani. Nikamwambia kwa mama yangu. Akainama kwa heshima, akarudi ndani.

Stipe naye alikuja. "Alikuwa ndani ya friza wiki nzima," alisema. "Barafu ilikwishamlainisha."

"Basi sasa ameadhibiwa mara mbili," nilimwambia, "atakuwa na adabu."

Alikuwa na adabu. Nikapewa aproni.

Tulikubaliana mapema kwamba nguruwe na mvinyo sitavigusa. Stipe alifikiri, akasema paja la nguruwe lililokaushwa atalikata yeye na mvinyo ataumimina yeye. Hata kabla yangu hakuwa na mtu aliyemwamini kwa vitu hivyo viwili. Tukatenga visu na sufuria. Yaliyobaki akanifundisha, na alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu hakusema mengi. Alinifundisha kuitia nyama ya ng'ombe katika siki usiku mzima, kisha kuipika taratibu na plamu zilizokaushwa mpaka mchuzi uwe mweusi na mtamu. Alinifundisha wali wa wino wa ngisi, ambao ni mweusi kama lami. Wali huo ulitupa taabu. Bibi mmoja aliurudisha akisema umeungua. Stipe akatoka, akamweleza, akaurudisha mezani. Bibi akala wote, akaenda msalani, akaona meno yake meusi kwenye kioo, akatoka amefunga mdomo, akalipa. Tangu siku hiyo Nyambura alikuwa akiwauliza wateja kwanza kama baadaye wana miadi na mtu.

Pweza tulimpika katika oveni ya gesi, na viazi, vitunguu na mafuta ya zeituni. Alikuwa mzuri. Juu ya mlango wa jiko Stipe alitundika kifuniko kikubwa cha chuma, kama kofia ya mtu mwenye kichwa cha ng'ombe, chenye ukingo kuzunguka juu. Nilimuuliza ni cha nini. Akasema kinaitwa peka, cha bibi yake, ni pambo tu. Mimi sikupenda pambo linaloweza kumwangukia mtu kichwani, lakini mkahawa si wangu.

Majira ya kuchipua baba yake Stipe alifariki huko kwao kisiwani, naye akaenda kuzika akarudi na mama yake. Mama huyo aliitwa Luce, nalo husomwa Lutse. Alikuwa mfupi, amevaa nguo nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, na hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Stipe alitutambulisha: "Huyu ni Baba Luce."

Nyambura akanigeukia. "Baba?"

Kwa watu wa pwani ya Kroatia mwanamke mzee huitwa baba. Nyambura alijaribu kumwita hivyo siku moja akashindwa, akaanza kucheka. Mimi nilikataa tangu mwanzo. Mwanamke aliyezaa hawezi kuitwa baba mbele yangu. Nikamwita Bi Luce, naye akaitika.

Stipe hakutaka abaki peke yake nyumbani, hivyo alimleta jikoni kila asubuhi, akamkalisha kwenye kiti karibu na jiko. Pale alikaa. Tulimpa chakula, akaonja ncha ya kijiko, akaweka kijiko chini. Alikunywa kahawa na kula kipande cha mkate, basi. Kila baada ya muda alishusha pumzi, akatikisa kichwa na kusema, "Kuku meni. Kuku meni."

Nilimwita Nyambura pembeni. "Umesikia?"

"Nimesikia. Anataka kuku wa kwenye menu."

Menyu yetu haikuwa na kuku, lakini mtu amefiwa na mume wake, utamwambiaje hakuna? Nikatoka kwenda dukani, nikanunua kuku, nikamwoka vizuri kwa ndimu na kitunguu saumu, nikamwekea sahani mapajani. Bi Luce akatazama kuku, akafunika uso kwa mikono, akasema kwa uchungu zaidi, "Kuku meni."

Nikadhani sijampatia. Kesho yake nikampikia supu ya kuku. Kesho kutwa nikampikia kuku wa kupaka, na tui la nazi lenyewe, kama yule niliyekuwa nikimpikia mume wangu sikukuu. Kila akiletewa kuku alizidi kusikitika, na kila alipozidi kusikitika alizidi kumtaja kuku. Nyambura akasema labda anataka wa kienyeji, akapiga simu Maryland kuulizia. Stipe alitukuta siku hiyo: mama yake anafuta machozi, mbele yake sahani tatu za kuku, na mimi nakata wa nne.

"Kwa nini mnampa kuku?"

"Yeye mwenyewe anaomba," nilisema. "Tangu juzi. Kuku, kuku."

Stipe akavuta ndoo akaikalia. Akatueleza kwamba kwa lugha yao kuku si chakula. Ni kilio. Kuku meni maana yake ole wangu mimi. Alipomaliza kueleza mabega yake yalianza kutetemeka, na sikujua kama analia au anacheka mpaka aliposhindwa kupumua kwa kicheko. Ndipo akamgeukia mama yake, akamweleza naye kuku wa Kiswahili ni nini.

Bi Luce hakucheka. Lakini alinitazama, mara ya kwanza tangu aje, akanitazama kama mtu anavyomtazama mtu. Akavuta sahani ya kuku wa kupaka akala paja moja. Halafu akasema neno ambalo Stipe hakupenda kulitafsiri. Nilimbana, akasema, "Anasema chumvi imezidi."

Chumvi haikuzidi. Nilimwambia hivyo kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa lugha yake, tukaanza. Tangu siku hiyo tulibishana kila siku, kila mtu kwa lugha yake, kuhusu chumvi, kitunguu saumu, ukubwa wa moto na namna ya kukunja kitambaa. Stipe alisema tunaelewana kuliko yeye na yeyote kati yetu. Lakini kula hakula. Lile paja la kuku lilikuwa la siku moja. Nguo zake nyeusi zilianza kumpwaya, na Stipe akaniambia wazi: asipoanza kula kabla ya majira ya baridi, atafunga mkahawa na kumrudisha kisiwani. Meza nyingi zilikuwa tupu hata hivyo. Kwa Bi Luce nilikuwa na huruma, na kwa nafsi yangu nilikuwa na hofu. Kazi ile nilikwishaipenda, na mtu anayepika pweza kwa ujira hapati kazi nyingine kama hiyo kila kona ya Virginia.

Siku moja nilimpelekea pweza wa oveni. Akaonja, akaweka uma. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu, ana nini huyu pweza? Akanyoosha kidole chini ya sahani, akaitikia. Akanyoosha kidole juu ya sahani, akatikisa kichwa. Chini ndiyo, juu hapana. Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kifuniko cha chuma juu ya mlango.

Hapo nilielewa, na sikuhitaji mkalimani. Mimi nimekua nikipika mkate wa kumimina wa mama yangu: makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Moto juu, moto chini. Kumbe kofia ile ya chuma ndiyo kazi yake, na ule ukingo ni wa kuzuia makaa yasimwagike. Nikapanda kiti nikaishusha, na vumbi lililotoka lilitosha kuotesha mchicha.

Stipe alisema sheria hairuhusu makaa ndani. Nikamwambia nani amesema ndani. Tukapanga matofali kule nyuma, kwenye uwanja wa magari, tukawasha kuni za mti mgumu zikaiva kuwa makaa. Bi Luce alisimamia. Alinipiga mkono nilipotaka kutia chumvi mapema, na hapo alikuwa na haki. Shikeni hili ninyi wachanga, pweza hatiwi chumvi mwanzoni, atakuwa kiatu. Wala hatiwi maji. Ana maji yake, ataiva nayo. Tukamfunika, tukapalia makaa juu, na kila nilipokaribia kufunua Bi Luce alinizuia. Nilimfundisha neno moja la kutumia badala ya kunipiga. "Bado," nilimwambia. "Sema bado." Akalishika papo hapo, maana ni neno lililomfaa.

Tulipofunua, ule mvuke ulipanda, na Bi Luce akavuta kiti chake karibu. Alikula sahani nzima. Akafuta mafuta kwa mkate. Akaomba tena. Stipe alikwenda ndani ghafla akasema anatafuta ufunguo, akakaa huko muda mrefu.

Kiangazi kile timu yao ya mpira ilifika mbali katika Kombe la Dunia, na Wakroatia ambao hatukujua wako wapi wakatokea kila upande kuja kutazama televisheni yetu, wamevaa fulana za mirabaraba. Walipokaa mezani hukuweza kujua mtu anaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Miongoni mwao alikuwamo mwenyekiti wa chama chao, mzee mnene mwenye sauti ya kanisani. Alisema sikukuu yao ya Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane, siku zote huifanyia kwenye ukumbi wa hoteli, wakipewa kuku na maharage ya kijani. Kama Stipe anaweza kuwalisha chakula cha nyumbani, mwaka huu watakuja kwake, na wakiridhika watakuja kila mwaka, na kwa harusi, na kwa ubatizo.

Stipe aliazima vifuniko vingine kwa watu wa kisiwa chake walioko Pennsylvania. Siku ya sikukuu tulipanga peka nne kule nyuma. Mkahawa ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani, padri akiwa katikati. Moshi wetu ulikwenda ulikotaka, na ulitaka kwenda shule ya karate. Hatukumwambia mwalimu wa karate, na kwa kweli hatukumwambia mtu yeyote. Mwalimu akafanya alichopaswa kufanya, akapiga simu.

Gari la zimamoto lilipoingia uwanjani, Stipe alikuwa ndani akimimina mvinyo. Nje tulikuwa mimi na Bi Luce. Kepteni akashuka, mwanamume mrefu mwenye sharubu, akatazama yale makaa, akanitazama mimi na aproni yangu.

"Mama, ni nini hiki?"

"Chakula cha mchana."

"Mna kibali?"

Nikasema sidhani. Akawaashiria vijana wake walete mpira wa maji. Bi Luce alipouona mpira ule alielewa. Alichukua kiti chake, akakipeleka katikati ya zile peka nne, akakaa. Akatoa rozari. Kisha akaanza kumweleza kepteni, kwa utulivu na kwa urefu.

"Anasema nini?" kepteni akaniuliza.

Kikroatia changu kilikuwa cha vyakula na matusi. Katika hotuba ile nilitambua maneno matatu: pweza, mtoto na punda. Nikayapanga.

"Anasema pweza ni kama mtoto aliyelala. Ukimfunua kabla ya wakati wake, hatalala tena."

Punda nilimwacha.

Kepteni alitafakari. "Mwambie ninaweza kufunga mkahawa huu leo."

Nikamgeukia Bi Luce, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mambo yameharibika na aniombee. Akajibu maneno machache, na punda akawamo tena.

"Anasema ndani kuna padri na watu waliofunga tangu asubuhi," nilimwambia kepteni. Hilo la padri lilikuwa kweli.

"Bado kiasi gani kuiva?"

Nikamuuliza Bi Luce, "Bado?"

"Bado," akasema.

Kepteni akatutazama mmoja mmoja. "Hiyo ni lugha gani?"

"Ya jikoni," nilisema.

Mtu wa zimamoto ameona mioto mingi, na nadhani anajua upi unakula nyumba na upi unapika. Alizunguka makaa, akapima umbali wa ukuta kwa macho, akawaambia vijana wake wanyooshe mpira wasimame nao tayari. Aliniambia chakula kikiiva moto uzimwe mbele yake, na asiuone tena mpaka tuwe na kibali. Hivyo ndivyo pweza wetu walivyomalizia kuiva, wakilindwa na askari wenye kofia za chuma, ambazo kwa umbo hazikutofautiana sana na peka. Stipe alitoka na chupa mkononi, akaona hali ilivyo, akarudi ndani kumwambia padri aongeze sala.

Bi Luce aliposimama, nilijua wakati umefika. Tukafunua. Watu walikuwa wamekwishatoka nje na sahani zao, na yule mwenyekiti mwenye sauti ya kanisani alikuwa mbele. Alinusa. Hakutoa hotuba. Alinyoosha sahani yake kama mtoto wa shule, akala amesimama kwenye uwanja wa magari, kati ya gari la zimamoto na mlango wa watu wa kufua nguo, na alipomaliza akamwambia Stipe kwa sauti ndogo kabisa kwamba mwakani watakuja mapema.

Kepteni alikataa kula, akisema yuko kazini. Bi Luce akamtia sahani mkononi.

"Afande, mimi nafanya kazi naye kila siku," nilimwambia. "Hajawahi kukataliwa."

Akala. Akasema ni laini sana, akauliza kama ni kuku.

Kibali tulikipata baadaye, kwa taabu ambayo sitaieleza maana inachosha hata kuikumbuka. Kila Jumapili ya majira ya joto tukapika peka kule nyuma, na Wakroatia wakaja kutoka Baltimore na mbali zaidi. Mwalimu wa karate alikuja kuomba radhi, Stipe akamwambia ndiye aliyetuletea wageni wengi kuliko tangazo lolote, akamkalisha. Wamarekani nao waliacha kuuliza pizza, isipokuwa wachache, na hao Bi Luce aliwashughulikia mwenyewe kwa kuwatazama.

Baridi ilipoingia tulirudi ndani, mimi na yeye, na ubishi wetu. Ile sukuma wiki yao ya viazi huitwa blitva, nayo ni mboga ya majani, mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Mimi niliona ina kiu. Siku moja Stipe hayupo nikaitia tui kidogo. Bi Luce akaonja. Akaonja tena. Akatazama mlangoni kama mwanawe anakuja, akavuta sufuria yote kwake. Halafu akaniuliza kwa kidole ni nini kile. Nikamwonyesha. "Nazi," nikamwambia.

Ilikuwa kosa la kutofikiri, maana kwa masikio ya Kiingereza neno hilo ni la wale watu waovu wa vita kuu ya pili. Wiki iliyofuata, mkahawa umejaa nami nimetoka kidogo upande wa wateja, Bi Luce akachungulia kwenye dirisha la kutolea chakula na kuniagiza kwa sauti kubwa, huku akinyoosha kidole kwenye kabati lililokuwa nyuma ya wateja, "Nazi! Nazi!" Bwana mmoja mwenye suti aliacha uma hewani. Nyambura akazunguka meza zote akieleza kwamba ni mboga. Stipe akaja jikoni akasema kwa upole kwamba hatukatazi kupika tunavyotaka, lakini tangu leo tuseme tui.

Alikaa nasi miaka miwili hivi. Kiswahili chake kilikua kuliko Kikroatia changu, kwa sababu yeye hakuona haya kukosea, na kilikuwa Kiswahili cha jikoni: onja, koroga, funika, ondoka hapo. Alinenepa. Nguo nyeusi alizibadilisha kwa za kijivu. Halafu siku moja, akimenya viazi, akamwambia Stipe kwamba amekwishatembea vya kutosha, sasa anarudi, kwa kuwa mizeituni yake haiwezi kujichuma. Stipe alidhani huzuni imerudi. Mimi niliyekaa naye nilijua kwamba imeondoka, ndiyo maana anaweza kwenda.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Dulles pamoja na Stipe. Miguu ilikuwa inamsumbua, wakamleta mtu wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mwanamume wa makamo mwenye beji na uso wa kuchoka. Alinisikia nikimwambia Bi Luce ashike mkoba wake vizuri, akafurahi.

"Kumbe ni watu wa nyumbani," akasema. "Mimi ni wa Kisii. Mama, wacha nichukue hiyo bag."

Bi Luce akageuka, akamtazama yule Mkisii kutoka viatu mpaka kola, akamuuliza, "Wewe, umekula?"

"Bado, mama," akajibu, kisha akasimama pale pale, mikono kwenye kiti, akimtazama bibi wa kizungu mwenye nywele nyeupe aliyekuwa ameanza kupekua mkoba. Alitoa mkate uliojazwa samaki na vitunguu, umefungwa vizuri, akamwekea kwenye mfuko wa koti.

Yule bwana akaniinamia. "Dada, huyu mzungu ni wa wapi?"

"Wa Pangani," nikasema.

Bi Luce akaitikia kwa kichwa, akamwambia asukume.